Sukari imepanda lakini sijapata jibu la uhakika: wenzangu mliishije katika kipindi cha kusubiri?

MZEE WA CHAKI (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Niko Morogoro, mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 47, mwembamba tangu ujana, kilo 62, sivuti sigara wala sinywi pombe. Naomba radhi kwa urefu wa maelezo yangu, lakini jambo lenyewe halielezeki kwa sentensi mbili.

Katikati ya Januari kifua kilinibana hadi nikawa nalala nimeketi. Katika kituo cha afya nilipewa antibiotiki pamoja na vidonge vya siku tano vya prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe mwilini. Siku ya tatu nilirudi kuangaliwa, na muuguzi akanitoboa kidole kupima sukari. Ilikuwa saa tano asubuhi, nimeshakunywa chai na chapati mbili. Mashine ilisoma milimoli 14.1 kwa lita, naye hakunizungusha: "Mwalimu, una kisukari." Marehemu mama yangu aliugua kisukari kwa miaka 18 na akakatwa vidole viwili vya mguu, kwa hiyo neno lile lilinikuta pabaya. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba zamu yangu imefika.

Wiki mbili baadaye nilikwenda zahanati nyingine bila kula tangu usiku, mashine ikasoma 6.6, na tabibu wa hapo akaniambia sina kisukari, niende nikapumzike. Sikuridhika. Nilikwenda maabara ya binafsi nikalipia kipimo cha HbA1c, kile ambacho wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu, nikapata asilimia 6.4. Tabibu wa tatu aliyeitazama karatasi hiyo alisema niko ukingoni. Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja nimekuwa mgonjwa, nikawa mzima, kisha nikawa mtu wa ukingoni, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeniuliza siku ile ya kwanza nilikuwa natumia dawa gani.

Daktari wa nne ndiye aliyeuliza. Alinieleza kwamba prednisoloni hupandisha sukari, hasa kuanzia mchana hadi jioni, na kwamba maambukizi makali nayo huufanya mwili utoe homoni zinazoliamuru ini kumwaga sukari kwenye damu, kwa hiyo ile 14.1 peke yake haiwezi kunipa jina la ugonjwa. Hakunipa kitulizo chote, maana aliongeza kuwa si kila anayemeza vidonge vile hupanda kiasi kile, na kwamba historia ya mama yangu haipuuziki. Alinipangia kurudi baada ya wiki nane kwa kipimo cha kunywa glukosi, akanikataza kuanza dawa yoyote kabla ya siku hiyo.

Hizo wiki nane ndizo zinazonitesa. Nimenunua mashine ya kupimia nyumbani, na asubuhi kabla ya kula napata 5.9, 6.4, hata 6.8. Saa mbili baada ya chakula cha mchana nimewahi kuona 7.4 na nimewahi kuona 9.8. Jumapili iliyopita, nikiwa nimekaa barazani sina kiu wala uchovu, nilipima nikaona 11.9, na usiku ule sikulala. Mwenzangu wa ofisini, ambaye ni mgonjwa wa siku nyingi, amenimegea nusu karatasi ya vidonge vyake vya glibenklamidi. Viko kwenye droo, sijavigusa, lakini sitawadanganya, nimevitazama mara nyingi.

Nauliza waliopitia njia hii: mlipima mara ngapi, mlikula nini, na mlijuaje kwamba ni salama kuendelea kusubiri?

MZAWA WA MSAMVU

Pole sana mkuu. Usijichoshe na hospitali. Tafuta unga wa mlonge, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni kwenye maji ya uvuguvugu. Mjomba wangu alikuwa anajidunga sindano, leo ameziacha na anashika jembe kama kijana.

MAABARA MSTAAFU

Mwalimu, pole. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 31, ya mwisho nikiwa mkoani Kilimanjaro, na sasa nahudumia migomba yangu. Sitakuambia kama unao ugonjwa huo au huna, kwa kuwa hilo ni la daktari wako, lakini naweza kukueleza namba zako zinatoka wapi.

Nianze na hiyo 11.9 ya barazani. Ulinawa mikono? Tone la damu linaloingia kwenye stripu, kile kijiti cha kupimia kinachochomekwa kwenye mashine, ni dogo kuliko punje ya mchele, na utamu kidogo uliobaki kwenye ngozi unatosha kulivuruga. Mtu akimenya tunda kisha akajitoboa kidole bila kunawa, mashine hupima damu na tunda kwa pamoja. Kufuta kwa spiriti hakutoshi kuondoa utamu huo, na spiriti isipokauka nayo huharibu kipimo. Kinachotakiwa ni maji na sabuni, kisha kukausha kidole kabisa. Nilipokuwa kazini tulimpima upya mama mmoja mara mbili, kwa sababu alikuwa anauza juisi ya miwa na kila akija alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kibanda chake.

Halafu liangalie kopo lako la stripu. Zina tarehe ya mwisho, zinachukia joto na unyevu, na kopo likiachwa wazi karibu na jiko huzeeka kabla ya tarehe hiyo. Usizitoe ukazibeba kwenye mfuko wa shati. Hata ukifanya yote hayo, kiwango cha kimataifa kinachotumika kuzikubali mashine za nyumbani kinaziruhusu kukosea hadi asilimia 15 juu au chini katika namba za kuanzia 5.6 hivi. Sukari ya kweli ikiwa 8.0, mashine inayosoma 6.9 au 9.1 haijaharibika. Ndiyo maana kujipima mara tatu ndani ya robo saa, jambo ambalo nina hakika umelifanya, hakukuongezei ukweli wowote. Kunakupa namba tatu za kukukosesha usingizi.

Sasa tuje kwenye jina la ugonjwa. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kisukari hutajwa pale sukari ya mtu aliyefunga kwa saa nane au zaidi inapofika 7.0, au inapofika 11.1 saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, au HbA1c inapofika asilimia 6.5. Kipimo cha muda wowote cha 11.1 na kuendelea huhesabika kikiandamana na dalili za wazi, yaani kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu. Asiye na dalili hapewi jina hilo kwa kipimo kimoja. Hurudiwa siku nyingine. Wewe hukuwa na dalili hizo, na ulikuwa umemeza prednisoloni. Hata hiyo 6.4 usiisome kama amri. HbA1c huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo ndani yake imo pia ile wiki yako ya Januari. Kitu chochote kinachofupisha maisha ya chembe hizo, kama selimundu au kutokwa damu, huishusha kwa uongo, na kuongezewa damu karibuni huivuruga, wakati upungufu wa madini chuma huweza kuipandisha. Katika nchi zetu, ambako watu wengi hubeba urithi wa selimundu bila wao wenyewe kuugua, daktari anayetaka kuthibitisha kwa glukosi yenyewe anafanya kazi yake vizuri.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: damu ikikaa kwenye kichupa cha kawaida, chembe zake huendelea kuila sukari, na kiwango hupungua kwa takribani asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kuna kichupa chenye kifuniko cha kijivu, ndani yake mna dawa ya kupunguza ulaji huo, na hata hicho hakifai kuachwa mezani kutwa nzima. Nimewahi kuona damu iliyotolewa saa mbili asubuhi ikiingia kwenye mashine saa saba mchana, na mgonjwa akaambiwa yuko salama. Siku yako ya kipimo uliza tu kwa adabu damu itapimwa saa ngapi.

Ndugu wa Msamvu, nami nikuulize: mjomba hupima sukari yake?

MZAWA WA MSAMVU

Hana mashine mzee. Lakini hali yake inaonekana nzuri, amepungua mwili, ni mwepesi.

MAABARA MSTAAFU

Huko kupungua ndiko kunakonitia wasiwasi. Mpimeni.

MZEE WA CHAKI

Shikamoo mzee. Nimesoma maelezo yako nikiwa nimeketi mahali pale pale. Jumapili ile nilikuwa nawamenyea wanangu maembe, nikafuta vidole kwenye kanga ya mama yao, kisha nikachukua mashine. Leo nimerudia kwa makusudi: kidole kilichoshika embe kimenipa 10.7, na cha mkono wa pili niliounawa kwa sabuni kimenipa 6.9, tofauti ya dakika moja. Nimejisikia mjinga na nimefurahi kwa wakati mmoja.

BINTI PANGANI

Mwalimu, nafurahi kwamba umepata nafuu ya moyo, lakini naomba niiguse ile sehemu ya swali lako ambayo haijajibiwa, yaani mtu atajuaje kwamba si salama kusubiri.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 24, mwembamba kama wewe. Alianza kunywa maji kwa jagi. Usiku aliamka kwenda chooni mara tano au sita, na suruali zikaanza kumvuka. Alipelekwa mahali pa tiba akaambiwa ni malaria, akapewa dawa. Hakupona, akaambiwa ni taifodi, akapewa antibiotiki. Siku nane zilipita bila mtu yeyote kumpima sukari. Siku ya tisa alianza kutapika na kulalamika tumbo, tukadhani ni dawa zinamchafua. Kilichonishtua mimi ni pumzi. Alikuwa amelala chali, hana homa, lakini anahema kwa kina na kwa haraka kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi hiyo ilikuwa na harufu kama ya matunda yaliyoanza kuchacha. Nilimwita jina akanitazama bila kunijibu. Tulipofika hospitali ya mkoa sukari yake ilikuwa 31, mkojo umejaa ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini. Aliwekewa dripu na insulini, siku ya tatu akaomba chai. Ana kisukari cha aina ya kwanza, ile ambayo kongosho haitengenezi tena insulini, na hadi leo anajidunga. Nilikuwa nikiamini kwamba aina hiyo ni ya watoto tu, kumbe mtu mzima naye huweza kuipata, na wembamba wake haumkingi.

Kwa hiyo mtu aliye katika kusubiri, akiona sukari inabaki juu ya 15 hata baada ya kunawa mikono na kurudia, au akiona kiu na kukojoa kunazidi huku anakonda, asingoje tarehe ya kliniki. Akitapika, tumbo likimuuma, akihema kwa kina au akipatwa na usingizi usio wa kawaida, aende usiku huo huo, na aombe apimwe ketoni kwenye mkojo, kipimo cha kijiti ambacho hata vituo vidogo vingi huwa nacho. Na aitaje sukari yeye mwenyewe pale mapokezi. Sisi hatukuitaja kwa sababu hatukujua, na kila mtu akaiona homa ambayo haikuwapo.

Vidonge vilivyo kwenye droo, naomba uvirudishe. Glibenklamidi huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama sukari yako iko 5.9, na ukivimeza usiku unaweza kushuka ukiwa usingizini bila mtu kujua.

MAMA WA TUDOR

Nawasalimu kutoka Mombasa. Langu ni fupi. Dadangu aliletewa mashine na mwanawe aliye Marekani, akajipima asubuhi, ikasoma 118, akaanguka kitini. Tulikuwa tunatafuta gari la kumpeleka hospitali. Kumbe mashine za huko husoma kwa miligramu, nasi huku tumezoea milimoli. Gawanya kwa 18: 118 ni kama 6.6. Anayetumia mashine ya kuletewa na aangalie maandishi madogo yaliyo pembeni ya namba kabla hajaandika wosia.

MKE WA BAHARIA

Kaka mwalimu, mimi niko Tanga. Nilisubiri miezi minne mwaka juzi, sukari ya asubuhi ikicheza kati ya 6.3 na 7.1, kila kipimo kikipinga cha kabla yake. Mwisho wake niliambiwa ni kisukari cha aina ya pili na sasa natumia metformini, lakini ile miezi minne haikupotea bure, kwa sababu niliujua mwili wangu kuliko ambavyo ningeujua kama ningepewa dawa siku ya kwanza.

Nilianza kwa kosa ambalo kila mtu hulifanya: niliacha ugali, wali, mihogo, viazi, kila kitu, nikaishi kwa mchicha na dagaa. Wiki ya pili nilikuwa natetemeka kwa njaa, na usiku nilikula maandazi manne kwa siri jikoni kama mwizi. Baadaye nilijifunza kipimo cha mkono: ugali usizidi ngumi yangu, nusu ya sahani iwe mboga, iwe matembele au bamia, na samaki au maharage yachukue robo iliyobaki. Dona lilinifaa kuliko sembe, ingawa tofauti haikuwa kubwa kama watu wanavyosema. Kiasi ndicho kilichobadilisha namba. Chungwa nilikula kwa kutafuna, juisi niliiacha kabisa, hata ile ya kukamua nyumbani. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni chai. Nilikuwa natia vijiko vitatu, nikashuka hadi viwili, hadi kimoja, kila wiki, na siku nilipokunywa chai ya maziwa yenye tangawizi bila sukari nikaona ina ladha, nilijua nimevuka.

Jaribio moja nililolifanya nakusihi ulifanye nawe. Siku mbili nilikula chakula kile kile cha usiku, wali wa nazi kikombe kimoja na samaki wa kupaka. Siku ya kwanza nilikaa kwenye televisheni, saa mbili baadaye nikapima 9.6. Siku ya pili nilitembea dakika ishirini mara tu baada ya kula, hadi karibu na bandari na kurudi, nikapima 7.7. Misuli inayofanya kazi huichukua sukari bila kungoja insulini nyingi, ndivyo nilivyoelezwa kliniki. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Ramadhani ilinikuta bado sina jibu. Daktari aliniruhusu kufunga kwa kuwa sikuwa kwenye dawa yoyote ya kushusha sukari, akaniambia kwamba hatari yangu haikuwa mchana bali magharibi. Alisema kweli. Namba kubwa kuliko zote katika daftari langu ni ya usiku wa tatu wa mfungo, baada ya tende, uji mtamu, viazi vya nazi, vitumbua na tambi za sukari, vyote katika mlo mmoja, maana nani atakaa mbele ya futari ya mama mkwe akachagua?

Na macho: kama ukungu ukikujia, usikimbilie kununua miwani. Dada yangu aligunduliwa akiwa na 19, haoni vizuri, akatengenezewa miwani ya bei kubwa. Alipoanza dawa, sukari ikatulia, na baada ya wiki kadhaa miwani ile ikawa inamtia kizunguzungu. Sukari ilikuwa imeibadilisha lenzi ya jicho, na ilipotulia jicho likarudi. Miwani sasa wanaivaa watoto wakicheza mwalimu na wanafunzi.

MAABARA MSTAAFU

Bibi wa Tanga amesema ya maana, nami naongeza tahadhari moja kwa mwalimu. Kipimo cha kunywa glukosi kinataka mwili uliozoea wanga. Kwa siku tatu kabla ya siku hiyo kula kama kawaida yako, ugali wako na wali wako, kwa sababu mtu aliyejinyima wanga kwa muda huweza kupanda kwa uongo anaponywa zile gramu 75. Wengine hufanya kinyume na kujinyima ili wapate jibu zuri, wakapata jibu baya wasilolistahili. Kama ukishikwa na homa wiki hiyo, ahirisha.

Kuhusu kupima mara ngapi, kwa mtu ambaye hajaanza dawa mimi ningesema siku tatu kwa wiki zinatosha: siku moja kabla ya kula asubuhi, nyingine saa mbili baada ya mlo mkubwa, ya tatu uchague mwenyewe. Pembeni ya namba andika ulichokula, kama ulitembea, kama ulilala, kama ulinawa. Namba isiyo na maelezo haimsaidii daktari.

Na kuhusu mlonge, sipingi mboga yake, majani yake ni chakula. Ninachopinga ni kuacha insulini kwa ajili yake, na pia kununua unga usio na jina la mtengenezaji, kwani katika nchi mbalimbali zimewahi kukamatwa dawa zinazoitwa za asili ambazo ndani yake mlisagwa vidonge vya hospitali vya kushusha sukari.

MZEE WA CHAKI

Wakuu, nimerudi, wiki nane zimetimia. Nilifika maabara saa moja na nusu asubuhi sijala tangu saa tatu usiku. Wakatoa damu ya kwanza, wakanipa glukosi iliyokorogwa kwenye maji, kama glasi moja na nusu, tamu kupita soda iliyopoteza gesi, wakaniambia niimalize ndani ya dakika tano. Kisha nilikaa kwenye benchi kwa saa mbili, siruhusiwi kutembea wala kula. Nilikuwa nimebeba madaftari ya kidato cha pili nikasahihisha kumi na saba. Nilimuuliza mtaalamu kuhusu muda wa kupima, akanionyesha kichupa chenye kifuniko cha kijivu kabla sijamaliza swali, nikamkumbuka mzee wetu wa migomba.

Majibu ni haya: kabla ya kunywa 6.3, baada ya saa mbili 10.2. Daktari alisema si kisukari, kwa kuwa sijafika 11.1, lakini si salama pia, kwa kuwa mtu asiye na tatizo hapaswi kufika 7.8 kwa wakati huo. Mwili wangu unashindwa kuimaliza sukari kwa kasi inayotakiwa. Nitarudia baada ya miezi sita, nitembee dakika 30 siku tano za wiki, na kila nitakapoandikiwa prednisoloni nitaje habari hii kabla ya kumeza. Nilimwambia kwamba sina kilo za kupunguza, akasema hakuniomba kilo, ameniomba miguu.

Alilipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye ile Jumapili ya 11.9 akasoma neno "embe" nililoliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, akacheka, akaipiga mstari. Vidonge nimevirudisha kwa mwenzangu. Kumbe alikuwa amenimegea kutoka kwenye dozi yake mwenyewe, na wiki ile alikuwa anameza siku moja na kuruka nyingine ili zifike mwisho wa mwezi.

MAABARA MSTAAFU

Marahaba mwalimu, na pole kwa lile benchi. Daktari wako hakusema ovyo kuhusu miguu. Huko China, katika mji wa Da Qing, mwaka 1986 walichukuliwa watu 577 wenye majibu kama yako, wanene na wembamba pamoja. Baada ya miaka 6, katika kundi ambalo halikuelekezwa kubadilisha maisha, takribani 68 katika kila 100 walikuwa wamepata kisukari. Katika makundi yaliyosimamiwa chakula, mazoezi au vyote viwili, walikuwa kati ya 41 na 46. Si kinga kamili, kama unavyoona, na bado wengi walipata. Kwa hiyo ile tarehe ya miezi sita usiiruke hata ukijisikia mzima.

MZAWA WA MSAMVU

Wakuu, samahani kwa kuingilia. Nimeazima mashine kwa jirani nikampima mjomba jioni hii, amenawa mikono kwa sabuni. Haikutoa namba, imeandika herufi H na I. Tumerudia, imeandika vile vile. Amelala, anasema amechoka, tangu mchana anakunywa maji tu. Hiyo ina maana gani?

BINTI PANGANI

Ina maana sukari imepita mwisho wa mashine, ambao kwa nyingi ni kama 33. Kaka, msingoje asubuhi. Tafuteni usafiri sasa hivi, mpeni maji kidogo kidogo kama anameza vizuri, chukueni sindano zake za zamani na huo unga mkawaonyeshe, na mkifika mapokezi semeni kisukari, semeni ameacha insulini, semeni tangu lini. Ukiwa njiani niandikie hapa anahema vipi.